Daftari tupu la mtoto wa miaka minne si ushahidi kwamba hajifunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, hasa wale ambao watoto au wajukuu wao wanasoma katika shule ndogo ya awali ya Montessori, yaani inayofuata njia ya kumwacha mtoto ajifunze kwa kushika vifaa anavyojichagulia, iliyopo mtaani kwetu, pembezoni mwa mji, upande wa barabara iendayo Naliendele. Shule yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa sijawaomba wenye shule ruhusa ya kuwaandika gazetini, na kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanahusu kila shule ya aina hiyo katika mikoa yetu ya kusini. Katika kikao cha wazazi kilichofanyika mwishoni mwa muhula uliopita, wengi waliosimama walidai watoto wapewe madaftari na kazi za kufanya nyumbani kila siku, wafanyiwe mtihani na kupangwa kwa nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wakome "kuchezea vibao na maji" asubuhi nzima. Mwalimu mkuu, ambaye shule yake ina watoto 24 tu na haiwezi kustahimili kuondokewa hata na watano, alijibu kwamba atalifikiria ombi hilo. Ninaandika kabla hajalikubali.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31, kwanza wilayani Masasi na baadaye hapa mjini, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa na watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja, madawati yasiyotosha na ubao mmoja. Kufundisha kwa kuimbisha nakujua vizuri. Najua jinsi darasa zima linavyoitikia "ba be bi bo bu" kwa sauti moja hadi mabati yanatetema, na jinsi mwalimu anavyotoka ameridhika, kisha akimwita mtoto mmoja mmoja mezani anagundua kwamba nusu yao walikuwa wakifuata sauti za wenzao na hawaitambui hata herufi moja kwa kuiona. Hata hivyo, mkwe wangu alipompeleka mjukuu wangu katika shule hiyo akiwa na miaka mitatu na nusu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuuliza daftari liko wapi. Ilipita miezi mitatu bila daftari. Nikajitanda kanga yangu, nikaenda shuleni bila kuitwa, nikamwambia mwalimu kwamba nataka kukaa ndani nione kinachofanyika. Akaniamkia, akanipa kigoda kando ya mlango, akaniomba jambo moja tu: nisiwasemeshe watoto wakiwa kazini.

Nilikaa pale kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Chumba si kikubwa. Kina madirisha mawili ya wavu na sakafu ya saruji, na hakuna dawati hata moja linalotazama ubao. Kuna rafu fupi ambazo mtoto anazifikia bila msaada, na juu yake vifaa vimepangwa kila kimoja mahali pake. Mtoto anayetaka kitu anakichukua mwenyewe, anatandika mkeka mdogo wa ukili sakafuni, anafanya kazi yake, na akimaliza anakunja mkeka na kukirudisha kitu pale alipokikuta. Kila kifaa kipo kimoja tu, na hilo limefanywa kwa makusudi, kwa sababu anayekihitaji wakati kinatumiwa na mwenzake hana budi kusubiri. Mjukuu wangu, ambaye nyumbani hana subira hata ya chai kupoa, nilimwona amesimama mikono nyuma akimtazama msichana mdogo akirudisha silinda za mbao kwenye matundu yake, na hakunyoosha mkono hadi msichana yule alipomaliza na kuondoka.

Zamu yake haikuwa ya silinda siku ile, kwa kuwa mtoto mwingine alimtangulia, hivyo akaenda kuchukua sinia lenye jagi dogo na kikombe chenye mstari. Kazi yake ilikuwa kumimina maji hadi kwenye mstari bila kuyamwaga. Akayamwaga. Nilitaka kuinuka, lakini mwalimu alinitazama, nikatulia. Mtoto alichukua sponji iliyokuwa pale kwenye sinia, akafuta, akaikamua, akaanza tena. Nilihesabu: alirudia mara 14, na mara tatu za mwisho hakudondosha hata tone. Hakuna aliyempigia makofi na hakuna aliyempa peremende. Aliyatazama maji yaliyofika kwenye mstari, akatabasamu peke yake, akarudisha sinia rafuni. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwona mtoto wa umri ule akirudia kitu kimoja mara 14 bila kulazimishwa, na nilitoka pale nikiwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo.

Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi, na mwalimu amekuwa na uvumilivu wa kunieleza. Wazazi waliosema watoto wanachezea maji naomba wafikirie mkono. Ili kumimina bila kumwaga, kifundo cha mkono lazima kizunguke polepole na kusimama pale akili inapokiamuru kisimame, na huo ndio mwendo ule ule ambao baadaye utaizungusha kalamu ili iandike "o" isiyovunjika. Silinda zile za mbao ni kumi katika kila kipande, zinatofautiana unene au kimo, na kila moja ina kishikio kidogo juu ambacho hakishikiki vizuri ila kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Tazama unavyoshika kalamu sasa hivi. Mtoto anayetoa na kurudisha silinda hizo kwa mwaka mzima anafundishwa kushika kalamu bila kuwa na kalamu, na akikosea hahitaji mtu wa kumwambia, kwa sababu silinda ya mwisho itakosa tundu na yeye mwenyewe ataanza kutafuta alikokosea. Katika darasa langu kila kosa lilikuja kwangu kutiwa alama ya mkasi kwa wino mwekundu. Sikupata kufikiri kwamba kifaa chenyewe kinaweza kumsahihisha mtoto, tena bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Kuhusu herufi ningependa kueleza kwa kirefu, maana hapa ndipo madai ya madaftari yanapopata nguvu. Herufi za shule hiyo zimekatwa kwenye msasa na kugandishwa juu ya vibao laini, irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa rangi nyingine. Mtoto anaipapasa herufi kwa vidole viwili kufuata njia ile ile ambayo kalamu ingepita, huku akitamka sauti yake. Hatamki jina la herufi, anatamka sauti: "mmm", kama anavyoanza kuita "mama". Mwalimu hufundisha herufi mbili au tatu kwa hatua tatu. Kwanza anasema, "Hii ni mmm." Kisha anauliza, "Nionyeshe mmm," na mtoto anaonyesha mara kadhaa. Mwisho, siku hiyo au siku nyingine, anaelekeza kidole na kuuliza, "Hii ni nini?" Mtoto akikosa, mwalimu hasemi "umekosea", anajua ameifikia hatua ya tatu mapema mno, na anarudi nyuma. Mtindo huo wa hatua tatu una historia ndefu: ulitoka kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, na Maria Montessori aliuchukua kwake.

Jambo ambalo sijalisikia likisemwa na wazazi, na ambalo mimi kama mwalimu wa lugha linanifurahisha kuliko yote, ni kwamba mbinu hii ilizaliwa katika lugha inayofanana na yetu kimaandishi. Montessori alianza na watoto wa Kiitaliano, na Kiitaliano, kama Kiswahili, husomwa karibu kama kilivyoandikwa, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Ndiyo maana watoto wake waliweza kuunda maneno kwa herufi za kukata kabla hawajajua kusoma kitabu: waliyasikia maneno, wakayavunja sauti kwa sauti, wakazipanga herufi. Mtoto wa Mtwara akiijua "k", "a" na "t" na sauti nyingine chache, anaweza kuandika "kata", "taka" na "kaka" bila kuambiwa, na kila alichokiandika kitasomeka. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, maana sauti moja huandikwa kwa namna nyingi. Naona uchungu mzazi anapolalamika kwamba shule yetu inachelewa kuanza Kiingereza, ilhali lugha aliyonayo mtoto mdomoni ndiyo inayoifaa njia hii kuliko hiyo anayoitamani mzazi. Kwa watoto wanaozungumza Kimakonde nyumbani mambo ni hayo hayo, kwa kuwa masikio yao yamekwisha kuzoea silabi za wazi kabla hawajafika darasani.

Na hesabu pia. Kwa Kiswahili tunasema "kumi na moja", "kumi na mbili", hadi "kumi na tisa", yaani lugha yenyewe inamwambia mtoto kwamba hapa kuna kumi nzima na kitu juu yake. Katika vifaa vya Montessori mtoto huona ushanga mmoja, kisha ufito wa shanga 10, kisha mraba wa shanga 100, kisha mchemraba wa shanga 1,000, ambao akiubeba kwa mikono miwili anaona kweli kwamba elfu moja ni nzito. Kuna pia sanduku lenye vyumba vya kuanzia 0 hadi 9, ambamo mtoto anaweka vijiti kulingana na namba. Vijiti vyote ni 45, havizidi wala havipungui, hivyo kikibaki kimoja mkononi anajua amekosea mahali. Chumba cha sifuri kinabaki kitupu. Nimefundisha sifuri kwa miaka 31 kwa kuchora duara ubaoni, na sikuwahi kuieleza vizuri kama chumba kile kitupu kinavyoieleza. Shule yetu inatumia njiti za ukuti zilizosuguliwa, na badala ya shanga kwa hesabu ndogondogo inatumia komwe, zile zile kete za bao ambazo wazee wetu wanazisukuma barazani. Mtoto aliyekua akimtazama babu yake akigawa kete 64 hazioni komwe kuwa kitu cha kigeni.

Nasema haya ya njiti na komwe kwa sababu katika kikao mzazi mmoja alisema kwamba Montessori ni mambo ya Wazungu matajiri. Historia haisemi hivyo. Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wachache mno. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, ambao ulikuwa mtaa wa vibarua maskini. Wazazi walikwenda kazini tangu alfajiri, watoto wakabaki wakirandaranda kwenye ngazi na kuharibu kuta, na wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwakusanya mahali pamoja. Ndivyo ilivyoanza: watoto wa vibarua katika chumba kimoja, pamoja na vifaa ambavyo daktari huyo alikwisha kuvijaribu kwa watoto wenye ulemavu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa India, na huko pia akafundisha walimu wengi. Hapa nchini vyuo vinavyoendeshwa na taasisi za dini, kwa mfano Msimbazi na Lushoto, vimefundisha walimu wa Montessori kwa miaka mingi. Ikiwa leo katika miji mikubwa shule hizi zina ada ya kutisha, hilo ni la soko, na tukiwaachia matajiri peke yao kitu kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wa vibarua tutakuwa tumejidhulumu wenyewe.

Tena mkoa huu ndio wa mwisho kulalamika kwamba vifaa ni ghali. Mnara wa waridi, ambao ni kifaa kinachojulikana zaidi, ni michemraba 10 ya mbao, mdogo kabisa una upande wa sentimita 1 na mkubwa una sentimita 10. Tunao mafundi seremala, na tunao wachongaji wa Kimakonde ambao mikono yao inasifiwa duniani kote. Fundi aliyeitengenezea shule yetu mnara huo aliniambia kwamba alidhani ni kazi ya saa moja, akakuta kwamba kosa la milimita mbili tu linaharibu kila kitu, kwa sababu mtoto anapaswa kuiona tofauti ile ile moja kutoka mchemraba hadi mchemraba. Aliurudia mara mbili. Sasa, kila anapopita, anaingia kuuliza kama bado uko sawa.

Mama mmoja kijana alisimama kikaoni kwa hasira akasema hakumleta mwanawe shuleni kufagia na kuosha vikombe. Nilimfuata baada ya kikao. Aliniamkia kwa heshima, nikamwuliza: nyumbani nani anafagia uani? Akasema, "Bibi, ni dada yake mkubwa, maana huyu akishika fagio anaharibu." Nikamwambia kwamba ndivyo tulivyo wengi, tunamnyang'anya mtoto fagio kwa kuwa tunaharakisha, kisha akifika miaka kumi tunamgombeza kwamba ni mvivu. Shuleni kuna fagio la kimo chake, muda wa kutosha na mtu asiyemnyang'anya. Mbona katika malezi yetu ya pwani na ya bara ya kusini mtoto alijifunza kwa kushika? Alikaa kando ya bibi yake anayesuka mkeka, akapewa ukili mbovu aanzie hapo. Hakuna bibi aliyemwandikia mjukuu maelezo ya kusuka. Sisemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mema, na fimbo nyingi za zamani sizitamani, lakini kuona kazi ya mikono kama adhabu ni tabia tuliyoipata baadaye, na nadhani sisi walimu tulichangia, kwa kuwa kwa miaka mingi mtoto aliyechelewa ndiye tuliyempa fagio.

Kuhusu mtihani na nafasi nitasema kwa ufupi. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa kwamba ni wa 23 kati ya 24 hajajifunza chochote ila kwamba yeye ni wa 23. Darasa la Montessori linachanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita makusudi, ili mdogo ajifunze kwa kumtazama mkubwa na mkubwa aimarishe anachokijua kwa kumwonyesha mdogo, na darasa la namna hiyo huwezi kulipanga kwa nafasi hata ukitaka. Mwalimu anaandika kila siku nani amefanya nini na amefikia wapi. Daftari hilo lipo. Ni daftari la mwalimu, na mzazi anayetaka kuliona huonyeshwa. Mimi nimelisoma kurasa nyingi, na lina habari za mjukuu wangu kuliko ripoti yoyote niliyowahi kumwandikia mzazi.

Hofu moja ya wazazi naiheshimu, na nisingependa ipuuzwe. Wanauliza: mtoto aliyezoea mkeka na rafu atafanyaje siku atakapoingia darasa la kwanza lenye watoto wengi, dawati na daftari? Watoto wawili wa jirani zangu wamekwisha kupita njia hiyo. Wote wawili walipata shida wiki za kwanza kukaa mahali pamoja na kusubiri mwalimu awaambie la kufanya, na mmoja alilia kwa sababu alinyamazishwa alipotaka kumsaidia mwenzake. Lakini walikuwa wakisoma, walikuwa wakiandika kwa mkono ulio imara, na kabla muhula haujaisha walikuwa wamezoea dawati. Kumzoeza mtoto kukaa ni kazi ya wiki kadhaa, ila aliyekaa tangu akiwa na miaka mitatu bila kuelewa anachonakili nimekutana naye mara nyingi akiwa darasa la nne. Shule inaweza kuwasaidia hawa wanaokaribia kuondoka kwa kuwapa kalamu, karatasi na mazoezi ya kuandika katika miezi ya mwisho, na nimeshamshauri mwalimu mkuu hivyo. Hilo ni tofauti kabisa na kumrundikia mtoto wa miaka mitatu kurasa za "a" za kufuatisha nukta.

Wala sidai kwamba kila alilosema Montessori ni la kufuatwa kama lilivyo. Yeye hakupenda sana hadithi za kubuni kwa watoto wadogo. Alitaka kwanza waujue ulimwengu wa kweli. Hapo sikubaliani naye. Mtoto wa Mtwara anayeitikia "Pakawa!" jioni anajua vizuri kwamba sungura hazungumzi, na lugha anayoipata kwenye hadithi haipatikani kwenye rafu yoyote. Nafurahi kwamba shule yetu ina kipindi cha hadithi kabla ya kuwaruhusu watoto, na nimeomba niwe nikienda kusimulia siku za Ijumaa. Aidha, nawaonya wazazi kwamba neno "Montessori" kuandikwa ukutani si dhamana ya chochote; nimeingia katika kituo kimoja, nisichokitaja, chenye neno hilo getini, nikakuta watoto wamebanana kwenye viti vya plastiki wakiimba alfabeti ya Kiingereza, na vifaa vimefungiwa kabatini visichafuke. Unapotaka kujua ukweli, tazama kama vifaa viko mahali mtoto anapofika, kama umri umechanganywa, kama watoto wanapewa saa mbili hadi tatu za kufanya kazi bila kukatizwa, na kama mwalimu anainama alipo mtoto au anasimama mbele akipaza sauti.

Wanaodhani kwamba njia hii inakwenda kinyume cha taratibu za nchi nao wanakosea. Mtaala wetu wa elimu ya awali wenyewe unasisitiza kujifunza kwa vitendo na michezo, na mwongozo unataka mwalimu mmoja awe na watoto wasiozidi 25. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayaweka malezi yenye mwitikio, yaani ya kutambua na kuitikia mahitaji ya mtoto, na ujifunzaji wa awali pamoja na lishe, afya na ulinzi wa mtoto. Hakuna mahali popote katika nyaraka hizo palipoandikwa kwamba mtoto wa miaka minne apimwe kwa wingi wa kurasa alizojaza. Shinikizo hilo linatoka kwetu sisi wazazi, na najua linatoka kwenye mapenzi: mzazi anayelipa ada kutoka kwenye fedha ya korosho, ambayo ameisubiri tangu mikorosho ilipochanua hadi mnada ulipofanyika na malipo yakaingia, anataka kushika mkononi kitu alichokinunua. Daftari linashikika. Utulivu wa mtoto aliyerudia kazi yake mara 14 haushikiki, na hauwezi kuonyeshwa kwa jirani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi wenzangu ni hili. Kikao kijacho kitafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na huko ndiko jibu la shule litakakotolewa. Nimezungumza na mwalimu mkuu, naye amekubali kwamba kila siku ya kazi kabla ya kikao hicho wazazi wawili wawili waruhusiwe kuingia darasani kuanzia saa mbili hadi saa tano, kwa sharti lile lile nililopewa mimi, la kukaa kimya. Wenye kwenda shamba alfajiri wanaweza kumtuma bibi, babu au shangazi wa mtoto, mradi aliyekwenda ndiye atakayesimama kikaoni kueleza alichokiona. Mzazi atakayekaa saa hizo tatu kisha bado akataka daftari, nitamsikiliza na kumheshimu. Orodha ya majina iko kwa mwalimu wa zamu, na kigoda kipo pale pale kando ya mlango.

Wako,
Mwalimu mstaafu na bibi wa mwanafunzi,
Mtwara.